dmidecode na prosesa mbili za kwenye droo

Seva yetu iko Mombasa Road, mimi niko Rongai. Kwa basi lazima uingie mjini kwanza na 125, halafu utoke tena upande wa pili, na ukifika langoni askari anakuambia jina lako halimo kwenye orodha ya leo kwa kuwa ombi la kuingia lilitakiwa litumwe jana. Ndani kuna kijana wa zamu anayeweza kukufungulia seva na kukuangalilia chochote, ila mikono yake inalipiwa kila nusu saa. Ndiyo maana swali lolote ninaloweza kulijibu nikiwa mezani kwangu na kikombe cha chai, nalijibia hapo hapo.

Swali la safari hii lilitoka kwa bosi. Sisi tunaendesha mfumo wa karo wa shule kadhaa. Wiki ya kufungua muhula wazazi wote wanataka kuona salio kwa wakati mmoja, saa moja jioni wakishatoka kazini, na seva inaanza kuhema kama mtu anayepanda ngazi na gunia. Bosi akanipigia: "Zile prosesa mbili ziko kwenye droo yako, si uziweke tu?"

Zile prosesa zina historia. Miaka mitatu iliyopita tulikuwa na seva ya Dell R720, ikikaa kwenye kona ya ofisi. Nikapanda ghorofa ya pili ya jengo fulani pale Luthuli Avenue kutafuta kitu cha kuiongezea nguvu. Jamaa akanitolea Xeon E5-2650 v4 mbili, bei tamu mno. Nikamwambia R720 nijuavyo mimi inaishia v2, yaani kizazi cha pili, na hizi ni cha nne. Akacheka. "Madam, 2011 ni 2011." Alimaanisha soketi. Ni kweli ya R720 inaitwa LGA2011, na ya v4 inaitwa LGA2011-3, pini ni 2011 kote kote. Lakini vile vipengo vya pembeni vinavyoongoza chipu ikae vimehamishwa makusudi ili mtu asiingize isiyohusika. Nilijua hilo jioni ile, bisibisi mkononi. Kesho yake niliporudi nikaonyeshwa maandishi chini ya risiti: mali ikishauzwa hairudishwi. Duka silitaji. Nusu ya kosa ni langu, nilikuwa na haraka na bei ilinipofusha. Zikaingia kwenye droo, pamoja na funguo za kufuli ambazo hakuna anayezikumbuka.

Baadaye R720 tuliistaafisha tukanunua R730 iliyotumika, ikaja na E5-2620 v3 mbili, ikapelekwa Mombasa Road. Na R730 ni LGA2011-3. Kwa hiyo bosi hakuuliza upuuzi. Swali ni hili: ubao mama uliokuja na v3 utaikubali v4, na ninawezaje kujua bila kuugusa?

Hapo ndipo inapoingia dmidecode, na hii ndiyo tathmini yangu baada ya kuitegemea kwa siku tatu mfululizo.

Ni programu ndogo ya bure ya kuandikia amri kwenye Linux. Aliyeianza ni Alan Cox, na anayeitunza kwa miaka mingi sasa ni Jean Delvare. Haifungui kitu wala haipimi kitu. Inasoma majedwali ambayo BIOS, ile programu ya kwenye ubao inayoiamsha mashine, imeyaweka kwenye kumbukumbu, halafu inakuchapishia kwa lugha inayosomeka: ubao ni wa nani, BIOS ni toleo gani, soketi ni ngapi, kila kijiti cha RAM kiko wapi. Ukishanunua gari la mitumba utaielewa haraka. Hii ni logibuku. Inakuambia gari lilivyoandikishwa. Kama injini ilibadilishwa kule Kirinyaga Road, logibuku haijui.

Kinachonifanya niipende ni kwamba mwongozo wake wenyewe haufichi. Sehemu ya kasoro imekiri bila kupepesa kwamba mara nyingi habari zilizomo kwenye majedwali hayo haziko sawa, hazijakamilika, au ni makosa matupu. Ni bidhaa ngapi sokoni zinazokuambia hivyo kabla hujazitumia?

Siku ya kwanza nilimwachia kazi hiyo kijana aliye kwetu kwa mafunzo. Nikamwambia aingie kwenye seva, aandike `sudo dmidecode`, aniletee majibu. Baada ya dakika kumi ananiandikia, na kwa kweli alikuwa amefadhaika: "Madam, seva yetu ni ya 1996?" Nikaomba picha ya skrini. Imeandikwa *Standard PC (i440FX + PIIX, 1996)*. Alikuwa ameingia kwenye mashine pepe, ile inayobeba tovuti ya wazazi, badala ya kuingia kwenye Proxmox, mfumo ulio chini yake unaozibeba mashine pepe zote. Mashine pepe inavishwa ubao wa kuigiza, na QEMU, programu inayoziendesha, huigiza ubao wa enzi hizo. Programu haikudanganya, ilisoma logibuku bandia iliyokabidhiwa. Ila haikumwonya kwa namna ambayo mgeni angeelewa, na hapo naikata alama.

Tulipoingia pale panapostahili, mambo yakawa matamu. `dmidecode -t baseboard` ikatoa Dell Inc. na nambari ya ubao, 072T6D. Usipokuwa na ruhusa za mtumiaji mkuu, jina la ubao na toleo la BIOS unaweza kuyasoma pia kwenye `/sys/class/dmi/id/`, ni mafaili ya kawaida ya maneno. Kwa mashine za Dell, HP na wenzao hao wakubwa sehemu hii huwa imejazwa vizuri. Kwenye kompyuta za kuunganishwa na mafundi utakutana na *To Be Filled By O.E.M.*, yaani kiwanda kiliacha fomu wazi na hakuna aliyejisumbua kuijaza. Hapo huna budi kumwomba mtu afungue kasha akusomee maandishi ya kwenye ubao wenyewe.

Halafu `dmidecode -t processor`. Kijana akasoma mstari mmoja akafurahi kweli. "Madam, si hii hapa? *Upgrade: Socket LGA2011-3*. Inakubali." Hapana. Mstari huo jina lake linapotosha watu kila siku. Hausemi kama unaweza kupandisha prosesa. Unataja aina ya soketi, basi. Ungeandikwa "Soketi" tusingekuwa na shida. Chini yake kuna mwingine, *Max Speed: 4000 MHz*, unaodaiwa kuwa kasi ya juu kabisa inayokubaliwa na soketi hiyo. Nambari hiyo kwangu ni pambo. E5-2650 v4 ikijikaza kabisa inafika gigahezi 2.9. Ukinunua prosesa kwa kuangalia mstari huo utakuwa umenunua kwa nyota.

Mstari uliobeba jibu lote ulikuwa mfupi kuliko yote: `dmidecode -s bios-version`. Ikajibu 1.5.4.

Niseme kwa nini. v3 na v4 zinakaa soketi moja, RAM moja ya DDR4, na R730 imeorodheshwa na Dell kwa familia zote mbili. Lakini v3 zilitoka 2014, v4 zikatoka 2016. BIOS iliyoandikwa kabla ya v4 kuwapo haina maelekezo ya kuiamsha prosesa hiyo. Ukiiweka, unapata seva inayowasha feni na kukukodolea macho. Kwa R730, v4 ilikuja na BIOS za familia ya 2. Yetu ilikuwa bado 1. Na utaratibu hauna mjadala: unapandisha BIOS kwanza prosesa ya zamani ikiwa bado ndani, kwa sababu ukishaitoa huna cha kuwashia seva ili uisasishe. Nimeona watu wazima wakisahau hilo, wakaishia kuzunguka mjini kuazima prosesa ya zamani.

Kwa hiyo swali la "ubao unakubali?" lilijibika nikiwa Rongai, bila nauli wala malipo ya nusu saa: ndiyo, kwa sharti la BIOS. dmidecode ilinipa jina la ubao na toleo. Orodha ya mtengenezaji ikanipa mengine. Bila hiyo orodha, jina la ubao ni jina tu.

Na kuna zawadi sikuitarajia. Nikaandika `dmidecode -t memory` kwa udadisi. Kila kijiti cha RAM kilikuwa kimeandikwa kasi ya 2133, na mstari wa chini yake, kasi kinachotembea nayo, 1866. Miaka yote hiyo tumekuwa tukibeba RAM ya 2133 na kuitembeza kwa 1866, kwa sababu E5-2620 v3 haipandi zaidi ya hapo. E5-2650 v4 inakubali hadi 2400. Kwa hiyo RAM ile ile, bila senti ya ziada, ingepata kuvuta pumzi. Hilo peke yake lilimfanya bosi atabasamu kwenye simu, mpaka alipoona nambari nyingine. "Mbona ya zamani ni 2.4 na hii mpya ni 2.2? Tunashuka?" Ni swali la haki. Kwa kazi moja inayokimbia peke yake, v4 hii haina haraka kuliko ile ya zamani, pengine hata inachelewa kidogo. Faida yake ni viini 12 badala ya 6 kwa kila prosesa, na kache, ile kumbukumbu ya ndani ya prosesa, ya megabaiti 30 badala ya 15. Ripoti moja ya mhasibu wa shule itachukua muda ule ule. Wazazi 300 wakiuliza salio kwa pamoja, hapo ndipo utaona tofauti.

Mipaka ya dmidecode ipo mingine. Haijui chuma cha kupozea kilicho juu ya prosesa ni cha aina gani. E5-2620 v3 ni wati 85, E5-2650 v4 ni wati 105. Mbili zikiwa ndani ni wati 40 zaidi za joto, na kwenye raki umeme ndio ankara. Hakuna jedwali la BIOS linalotaja chuma hicho. Hapo nililipia ile nusu saa. Kijana wa zamu akafungua kifuniko usiku tukiwa tumezima mashine, akanitumia picha kwa WhatsApp, nikaisoma nambari ya sehemu kwenye kibandiko na kuithibitisha. Alikuwa mpole, hata akaniuliza kama nataka apulize vumbi. Nilitaka.

BIOS niliipandisha kwa iDRAC, ile kompyuta ndogo inayokaa ndani ya seva na kuendelea kuwa macho hata seva ikizimwa. Yetu ina leseni ya Express, ambayo haikupi skrini ya mbali; hiyo wanaiuza na Enterprise. Kuna kichekesho kimoja: seva ni Linux tupu, lakini faili linalopakiwa kwenye iDRAC ni lile la Windows lenye mwisho wa .EXE, na linakubalika bila maneno. Na tafadhali, iDRAC isikae wazi kwenye intaneti. Yetu iko nyuma ya VPN, njia ya siri ya kuingilia mtandao wetu.

Saa nane usiku nikaiamuru iwake upya. Kwa kuwa sina skrini, nilikuwa natazama kwa `ipmitool`, programu inayoniletea maandishi ya seva kupitia mtandao. Mistari ikasimama. Kisha stima ikapotea Rongai nzima. Modemu ikafa, taa zikafa, nikabaki na mwanga wa betri ya kompyuta usoni na mbwa wa jirani wakibweka. Nilijua kwa akili kwamba kazi inafanywa kule Mombasa Road na haihitaji mimi niwe macho. Moyo haukujua. Nikawasha data ya simu, ikachukua muda wake kuunganisha VPN, nikaona kazi imeandikwa imekamilika. `dmidecode -s bios-version`: 2.19.0. Nikalala na viatu.

Kesho yake, nikiwa mshindi, nikafungua droo.

Sikumbuki niliwahi kuzitazama vizuri zile prosesa. Siku nilipozinunua nilizijaribu, zikakataa kuingia, nikazitupa humo kwa hasira. Sasa nikazitoa kwenye vitanda vyao vya plastiki, nikaziweka chini ya tochi ya simu. Ya kwanza: E5-2650 v4, na chini yake SR2N3. Ndiyo yenyewe, kodi inayoanza na SR ni ya chipu iliyouzwa rasmi. Ya pili nikaigeuza mara mbili kwenye mwanga nikidhani macho yamechoka. Haikuwa na jina. Ilikuwa na INTEL CONFIDENTIAL, na kodi inayoanza na Q.

Hiyo ni chipu ya majaribio. Intel huwapa watengenezaji wa mbao kabla ya bidhaa kutoka, na haikukusudiwa kuuzwa. Inaweza kufanya kazi, inaweza kugoma, na hata ikifanya kazi, seva yenye soketi mbili inataka prosesa mbili zinazolingana. Hii na mwenzake walikuwa ndugu kwa maneno ya muuzaji tu.

Siku tatu nimeuhoji ubao ulio upande mwingine wa jiji, nimesoma majedwali, nimekesha gizani, na kumbe kilichokuwa na kasoro kiko sentimita 40 kutoka kwenye goti langu, kimekaa miaka mitatu. Hakuna amri ya kuandika kwa ajili ya hilo. Prosesa isiyo ndani ya mashine haisomwi na programu yoyote. Inasomwa na macho.

Nilipompigia bosi alinyamaza kidogo, akauliza kama lile duka bado lipo. Lipo. Sikwenda.

Ya pili nilinunua kwa mwuzaji mwingine, na safari hii kabla ya kutuma M-Pesa nilidai picha ya uso wa chipu, karibu, kodi ionekane. Picha ya kwanza alituma ya kwenye mtandao, ile safi isiyo na hata mkwaruzo. Nikamwambia namtaka aiweke juu ya gazeti la leo. Akacheka, lakini aliiweka. SR2N3, na chini yake habari za ligi.

Kijana wa zamu alizibadilisha Alhamisi usiku, nusu saa moja na robo, akaitoza kama saa nzima, na ni haki yake. Mara ya kwanza seva ikachukua muda mrefu mno kuamka, kwa kuwa inazipima RAM upya. Safari hii stima ilikuwapo. `lscpu`, amri ya kuhesabu prosesa, ikaniambia 48 mahali palipokuwa 24, kwa kuwa inahesabu kila kiini mara mbili. `dmidecode -t memory` ikasema 2133 juu, 2133 chini. Joto likapanda nyuzi chache tu kulingana na `ipmitool`, feni hazikupiga kelele.

Basi nyota. Kwa kujua ubao ni upi na BIOS iko wapi ukiwa mbali, dmidecode naipa nne kati ya tano, na ile moja naiondoa kwa ajili ya ule mstari wa *Upgrade* na kijana wangu wa 1996, ingawa najua majina hayo hayakubuniwa na aliyeiandika programu. Kwa kukuambia kama prosesa yako itafaa, usiitegemee peke yake. Shika na orodha ya mtengenezaji mkono wa pili. iDRAC ya Express naipa tatu, maana kumnyima mtu skrini usiku wa saa nane ni ukatili wa kibiashara. Kijana wa zamu tano, pamoja na vumbi.

Ile chipu ya Q bado ninayo. Kijana wa mafunzo aliiomba aifanye kishikio cha ufunguo, nikamwambia kwanza aniletee jina la ubao wa kompyuta ya mapokezi bila kuinuka kwenye kiti.